Damu ya Sega haikuwa uhuru, jasho la Nintendo halikuwa adabu

Wasee, leo tumalize hii stori ya Sega na Nintendo, juu imenichosha.

Unajua vile huenda. Mtu anataja gemu za zamani, na kabla chai ipoe kambi mbili zimeshajipanga. Kambi ya kwanza inasema Sega ilikuwa mashine ya watu wakubwa, iliwaachia damu, haikuogopa mtu, na Nintendo ilikuwa ya watoto wa mama. Kambi ya pili inasema Nintendo ilijali familia, ilikuwa na maadili, ndiyo maana iko hadi leo na Sega iliacha kutengeneza konsoli 2001. Watu wanabishana hadi mishipa ya shingo inasimama. Na wengi wao, kama mimi, walizaliwa baada ya hivyo vita kuisha. Wamecheza hizo gemu kwa emyuleta kwenye simu ama laptopu, lakini wanaongea ni kama walipiga foleni kwa duka la Marekani mwaka wa 1993.

Sina shida na kupenda vitu vya zamani. Shida yangu ni hadithi ambayo kila mtu amemeza bila kutafuna: kwamba kulikuwa na kampuni moja ya uhuru na nyingine ya mkasi. Hiyo ni uongo. Zote mbili zilikata. Zote mbili zilikata zikiangalia mfuko. Na kile mnachopigania, yaani damu, ndicho kitu kidogo kabisa kati ya vyote vilivyokatwa. Damu inaongelewa kwa sababu kila mtu aliiona ikitoka. Vile vilivyotoka bila mtu kuona ndivyo vinafaa kukukasirisha, na mchezo wenyewe unaendelea hadi leo kwa simu uliyoshika.

Wacha twende polepole, mmoja mmoja.

Mkasi wa Nintendo

Nintendo ilipoleta NES Marekani mwaka wa 1985, ilikuja na ujanja mmoja. Ndani ya mashine kulikuwa na chipu ya kufuli, na ndani ya kila katriji chipu ya ufunguo. Bila ufunguo, gemu haiwaki. Kampuni ikitaka kuuza gemu yake ilibidi ipate leseni, Nintendo ndiyo itengeneze katriji, na mwanzoni ulipewa nafasi ya gemu tano tu kwa mwaka. Sasa, mtu amekushika hivyo, akikuambia toa kitu fulani kwa gemu yako utamwambia nini? Unatoa.

Na orodha ya kutoa ilikuwa ndefu. Damu, uchi, pombe, sigara, matusi, alama za dini, siasa. Kwenye mashine za sarafu kulikuwa na bondia Mrusi anaitwa Vodka Drunkenski. Alipofika NES ndani ya Punch-Out mwaka wa 1987, akawa Soda Popinski. Yuko na chupa mkononi, lakini ati ni soda. Ile dharau ya kusema Warusi ni walevi ilibaki palepale, kilichobadilishwa ni kinywaji.

Zelda ya Super Nintendo, ile A Link to the Past, ilikuwa na miungu kwenye jina lake la Kijapani. Marekani miungu ikatolewa, kuhani akageuzwa mchawi, na kanisa likapewa jina lisilo na dini ndani yake. Final Fantasy VI ilipofika huko 1994, uchawi ulioitwa Holy ukageuka Pearl, baa zikawa mkahawa, na maumbile yaliyochorwa uchi yakavishwa.

Sasa mashabiki wa Nintendo husema: hayo ni maadili. Sawa, basi nijibuni hili moja. Mbona watoto wa Japani hawakulindwa? Ni kampuni ileile na gemu ileile. Huko Japani baa ilikuwa baa na kuhani alikuwa kuhani. Kama pombe ya kwenye skrini inaharibu mtoto, inaharibu mtoto wa Kyoto na wa Chicago. Lakini Nintendo haikuwa inapima mtoto, ilikuwa inapima soko. Marekani ilikuwa na wazazi wenye kelele na maduka makubwa yenye woga, Japani haikuwa na presha ya aina hiyo. Mkasi ulifuata hesabu.

Msimbo wa Sega

Upande wa pili sasa. Sega ilileta Genesis Marekani 1989, mashine ambayo kwingine iliitwa Mega Drive, na matangazo yake yalijigamba kwamba inafanya kile Nintendo haifanyi. Hapo ndipo hekaya ya uasi ilianzia. Na siku yake kubwa ilikuwa 13 Septemba 1993, siku Mortal Kombat ilipotoka kwa konsoli za nyumbani, zote mbili kwa mpigo mmoja.

Mnajua matokeo. Kwenye Super Nintendo, damu ilikuwa jasho la kijivu, na zile mbinu za kumalizia mtu zilibadilishwa. Sub-Zero hakung'oa kichwa na uti wa mgongo tena, alimgandisha mwenzake akawa barafu kisha akamvunja vipande. Kwenye Genesis, damu ilikuwepo. Kambi ya Sega ikashangilia, na inashangilia mpaka leo.

Lakini damu ilikuwepo wapi? Ukiwasha Genesis na kucheza kama kawaida, hakuna damu. Ilibidi usubiri ile skrini ya maandishi kuhusu heshima, ubonyeze A, B, A, C, A, B, B, ndipo damu inafunguliwa. Huo msimbo wenyewe ni utani, umetokana na Abacab, albamu ya bendi inayoitwa Genesis.

Fikiria hiyo biashara kwa makini. Mzazi akiuliza, gemu haina damu. Mtoto akiuliza, gemu ina damu. Bidhaa moja, majibu mawili, na yote ni kweli. Sega ilikuwa imeanzisha mfumo wake wa alama za umri mwaka huohuo, na kwa sababu damu ilikuwa imefichwa nyuma ya msimbo, gemu ikapewa MA-13. Toleo la Sega CD, ambalo lilikuwa na damu wazi bila msimbo wowote, lilipewa MA-17. Picha ni zilezile na vifo ni vilevile. Tofauti ni kubonyeza vitufe saba ambavyo kila mtoto mwenye rafiki shuleni alivijua.

Hapo mtu anasema Sega ilipigania uhuru wa msanii. Buda, mpigania uhuru hafichi bendera chini ya godoro kisha amwambie askari hana. Hiyo ni akili ya muuza duka anayejua kilicho chini ya kaunta. Naweza kuipenda kama ujanja, na kusema kweli naipenda. Lakini msiniambie ni msimamo.

Na ilileta pesa. Mortal Kombat ya Genesis iliuza kuliko ya Super Nintendo, ingawa Super Nintendo ilikuwa na rangi 256 kwa skrini dhidi ya 64 za Sega, na padi yake ilikuwa na vitufe vya kutosha huku padi ya kawaida ya Sega ikiwa na vitatu tu vya kupigania. Toleo bovu zaidi kwa sura lilishinda kwa sababu ya damu. Nintendo iliona. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Kifo kilibaki

Kabla tuendelee, wacha niseme kitu kuhusu lile jasho, kwa sababu hapa ndipo hoja ya adabu inaanguka kabisa.

Mortal Kombat ya Super Nintendo bado ni gemu ya watu wawili kupigana hadi mmoja afe. Unampiga mtu ngumi ya uso, anaanguka, sauti inakuamuru ummalize, unamgandisha unamvunja. Hayo yote yalipita. Kilichozuiwa ni rangi nyekundu.

Sasa niambie, kati ya hizo mbili ni gani inamdanganya mtoto zaidi? Ile inayoonyesha kwamba ukimpiga mtu anaumia na anavuja damu, ama ile inayoonyesha kwamba unaweza kumpiga mtu hadi kufa na sakafu ibaki safi? Nintendo haikuondoa ukatili, iliondoa ushahidi. Na mzazi aliyenunua toleo hilo akidhani amechagua gemu ya upole alirudi nyumbani na gemu ya kuua, ila imepanguswa.

Simaanishi damu ni elimu. Namaanisha kwamba kukata si kulinda, na mara nyingi kukata ni kupaka rangi juu ya ufa.

Siku ya Seneti

Tarehe 9 Desemba 1993, maseneta wa Marekani wakiongozwa na Joseph Lieberman na Herb Kohl waliita kikao kuhusu ukatili kwenye gemu. Mortal Kombat ilikuwa mezani. Nyingine ilikuwa Night Trap, gemu ya Sega CD iliyotengenezwa kwa video za waigizaji, ambapo unatazama nyumba kupitia kamera na kujaribu kuokoa wasichana wasivamiwe. Leo ukiicheza unacheka, ni kama filamu ya bei rahisi. Siku ile iliongelewa kama mwisho wa dunia.

Pale ndani, Sega na Nintendo walishambuliana mbele ya wanasiasa. Howard Lincoln wa Nintendo alisema Night Trap haitawahi kuonekana kwenye mashine ya Nintendo.

Night Trap iko kwenye Nintendo Switch. Ilifika 2018, na alama ya T, yaani vijana. Hakuna aliyezimia.

Na kabla hata hatujafika huko, angalia kilichotokea mwaka mmoja tu baadaye. Mortal Kombat II ilipotoka Septemba 1994, toleo la Super Nintendo kule Marekani lilikuwa na damu nyekundu yote, vichwa vyote, bila hata msimbo. Yale maadili yaliyokuwa yanasimama mbele ya Seneti yalikaa miezi tisa. Ajabu ni kwamba toleo la Japani ndilo sasa lilikatwa: damu ikawa kijani, na wakati wa kummalizia mtu skrini ikageuka nyeusi na nyeupe. Mkasi ulipanda ndege ukahama nchi. Sasa mtu aniambie tena kuhusu maadili ya Nintendo.

Kitu kimoja kizuri

Kwenye hii takataka yote kulitoka kitu kimoja cha maana, na hakuna kambi inayokisifu. Stika.

Sega ndiyo iliyotangulia na alama zake za umri 1993, hapo naipa haki yake bila kubana. Kisha, baada ya presha ya Seneti, sekta nzima ikaanzisha ESRB mwaka wa 1994, ile alama ndogo kwenye kona ya kasha inayosema gemu ni ya umri gani na ndani kuna nini.

Naelewa hoja bora kabisa ya upande wa Nintendo, na ni hii: kabla ya stika, mama anayeingia dukani hakuwa na njia ya kujua. Katriji zote zinafanana. Kampuni iliyokata ilikuwa inamfanyia kazi ambayo hakuwa na uwezo wa kuifanya. Ni hoja nzito na siidharau. Lakini angalia inaelekea wapi. Kama shida ilikuwa mzazi hajui, dawa ni kumjulisha. Nintendo ilikuwa na nguvu ya kupanga hadi idadi ya gemu utakazouza kwa mwaka. Ilishindwa kubandika karatasi kwenye kasha? Ilikuwa inabandika muhuri wake wa ubora kwa kila gemu. Gundi ilikuwepo.

Stika inakuheshimu. Inakwambia: ndani kuna damu, una miaka mingapi, amua. Mkasi haukuambii chochote. Unacheza kilichobaki ukidhani ndicho kilichotengenezwa.

Hitler alienda wapi?

Na hapa ndipo nataka mashabiki wa pande zote mbili wanyamaze wasikilize, kwa sababu sasa hatuongei damu tena.

Wolfenstein 3D ilitoka kwenye kompyuta 1992. Wewe ni mfungwa Mmarekani mwenye asili ya Kipolandi ndani ya ngome ya Wanazi, unatoroka ukiwapiga risasi, na kati ya mabosi wa mwisho kuna Hitler mwenyewe. Msimamo wa hiyo gemu uko wazi kuliko kioo. Ilipofika Super Nintendo 1994, damu ikaondolewa, ndiyo, na mbwa walinzi wakageuzwa panya wakubwa. Lakini pia alama za Kinazi zilifutwa kwenye kuta. Na Hitler akanyolewa masharubu akapewa jina Staatmeister.

Soma hiyo tena. Bunduki zilibaki. Watu wa kupigwa risasi walibaki. Kilichoondoka ni sababu. Mtoto wa 1994 aliua mamia ya wanajeshi ndani ya jengo lisilo na jina, kwa kosa lisilotajwa, wakiongozwa na mtu asiye historia. Wamechukua gemu yenye adui wa kweli wakaifanya gemu ya kuua tu. Na hilo ndilo likapitishwa kuwa salama kwa familia!

Bionic Commando ya NES ilikuwa imepitia hayohayo miaka ya mbele yake, Hitler wa toleo la Japani akaitwa Master-D. Kichwa chake mwishoni kinalipuka vilevile. Kwa hiyo kulipua kichwa cha mtu ni sawa. Kusema huyo mtu ni nani ndiyo haikuwa sawa.

Na msidhani Sega imepona. Streets of Rage 3 ilipotoka Japani kwenda Marekani na Ulaya 1994, Sega yenyewe, kwa gemu yake yenyewe, ilifunika miili ya baadhi ya wanawake kwa nguo zaidi, ikabadilisha hadithi, na ikamfuta kabisa mhusika mmoja anaitwa Ash, bosi aliyechorwa kama shoga wa kuchekesha watu. Ash alichorwa kwa dharau, hilo halifichiki ukimtazama leo. Lilistahili kujadiliwa. Lakini huwezi kujadili mtu aliyefutwa. Mchezaji wa Marekani hakujua alikuwepo, kwa hivyo hakuna aliyewahi kuiuliza Sega kwa nini ilimchora vile. Mkasi haukumlinda mtu yeyote aliyedharauliwa, ulimlinda aliyedharau. Kampuni ya uhuru, eh?

Halafu kuna Contra, na hapa tunafika nyumbani kidogo. Ujerumani ilikuwa na sheria kali kuhusu gemu za kuua watu, na badala ya kubishana, Konami iliigeuza Contra kwa soko la Ulaya ikaitwa Probotector. Wanajeshi wakawa roboti. Wewe ni roboti, adui wengi ni roboti, risasi ni zilezile. Ilifanyika kwenye mashine za Nintendo, na ikafanyika tena kwenye Mega Drive ya Sega. Kambi zote mbili, mkasi mmoja.

Huku kwetu, wengi waliokutana na Contra walikutana nayo kwenye zile gemu za TV za bei nafuu, zenye katriji ya njano iliyoandikwa gemu 9999 na ndani ni zilezile zinajirudia. Hizo zilikuwa nakala za Famicom, mashine ya Kijapani ambayo haikuwahi kuwekwa ile chipu ya kufuli. Hakuna aliyelipa leseni, ni kweli, na sifanyi hilo kuwa jambo tukufu. Lakini tazama kichekesho chenyewe: mtoto wa mtaani hapa na katriji feki alipata Contra yenye watu, na mtoto wa Munich mwenye mashine halali na stakabadhi alipewa roboti, na hakuna aliyemwambia kuna toleo lingine.

Ujerumani iliendelea hivyo muda mrefu. Hata Wolfenstein II ya 2017 iliuzwa huko na Hitler asiye na masharubu, akiitwa Heiler. Ni Agosti 2018 tu ndipo chombo chao cha kupanga umri kilianza kuruhusu alama za Kinazi kwenye gemu kwa kuangalia muktadha, kama ilivyokuwa kwa filamu siku zote. Robo karne ya kumnyoa mtu mmoja.

Na sisi je?

Najua mtu ameshasema, "Hizi ni stori za wazee, zinanihusu nini?" Zinakuhusu kwa sababu mkasi haukuzikwa na Genesis. Ulibadilisha mkono tu.

Kufuli ya 1985 ilikuwa chipu. Leo ni malipo na usambazaji. Julai 2025 duka la gemu la itch.io liliondoa gemu zote za watu wazima kwenye utafutaji wake, kwa sababu kampuni zinazopitisha malipo ya kadi zilikuwa zimeanza kulibana. Hakukuwa na bunge wala hakimu. Aliyeshika njia ya pesa alikohoa, duka likafunga mapazia, na watengenezaji wengi wakajua mambo yameshafanyika. Kama hupendi hizo gemu ni sawa, mimi pia sizichezi. Uliza tu kesho atakohoa kwa nini.

Mimi mwenyewe niliwahi kuweka video kuhusu jinsi gemu zinavyoonyesha Vita vya Pili vya Dunia. Mtandao niliouweka, sitautaja, uliizima sauti sehemu moja na ukaacha kuisambaza. Sikupewa sababu. Sehemu iliyozimwa ni ile nilikuwa nasema Wanazi walifanya nini. Milio ya risasi iliachwa. Nilicheka kwa uchungu, juu ni Wolfenstein ya Super Nintendo neno kwa neno. Na tangu hapo naona wenzangu wote tunaandika kwa nyota na vifupi, tunaogopa kutaja kifo, kujiua, ubakaji, vita, ati mashine isitukate. Tunajikata wenyewe kabla ya mkasi kufika. Msichana anayehitaji kusikia neno "ubakaji" likisemwa kwa jina lake anasikia emoji.

Na hapa Kenya tunazo zote mbili, stika na mkasi. Bodi ya filamu, KFCB, ina alama zake: GE, PG, 16, 18. Hizo naziunga mkono waziwazi. Mimi nina wadogo zangu, na nataka kujua kabla niwawashie kitu. Lakini bodi hiyohiyo Januari 2014 ilipiga marufuku The Wolf of Wall Street nchi nzima, hata kwa mtu wa miaka hamsini. Stika ya 18 ilikuwepo mezani. Wakachagua mkasi. Matokeo ni kila mtu alitaka kuiona zaidi, na ikatembea kwa flashi kutoka mkono hadi mkono bila stika yoyote, hadi kwa watoto.

Hilo ndilo mkasi hufanya siku zote. Unamnyima mtu mzima, na mtoto anapata kupitia dirishani.

Kwa hivyo hiki ndicho ninachodai, kwa kampuni, kwa bodi, kwa mitandao, na kwa sisi tunaotengeneza vitu. Weka stika, kubwa, ya kweli, kwa lugha ambayo mama yangu anaelewa. Ukilazimika kukata, andika kwenye kasha kwamba umekata, na useme umekata nini. Ukikata kazi ya mtu mwingine, mwambie kwa nini na umpe pa kukata rufaa. Na kamwe usikate maana ukaacha ukatili, kisha uite hiyo adabu.

Mashabiki wa Sega, endeleeni kupenda Sonic. Mashabiki wa Nintendo, endeleeni kupenda Zelda, mimi naipenda pia. Lakini mtu akianza tena kuniambia ni konsoli gani ilikuwa huru kwa sababu ya damu, sitabishana naye. Nitamwuliza kitu kimoja: kwenye Wolfenstein uliyoicheza wewe, yule bosi mwenye bunduki aliitwa nani? Akisema Staatmeister bila kushtuka, basi mkasi ulifanya kazi yake.